Kazi Iwe na Heshima, Kazi Iwe na Furaha

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanachama na wafanyakazi wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, kabla ya msimu wa kununua pamba.

 

 Wengi wenu tunafahamiana tangu darasa la kisomo. Leo sikuja na chaki. Nimekuja tuzungumze juu ya watu wanaotufanyia kazi. Je, wanaionea fahari kazi yao? Na je, wanaifurahia?

Najua wapo wanaojiuliza, "Mwalimu, mambo ya wafanyakazi ni ya mjini. Sisi wakulima yanatuhusu nini?" Hilo ni swali zuri. Hebu tuhesabu pamoja. Msimu wa pamba ukianza, nani anakaa kwenye mizani? Mpimaji. Nani anaandika stakabadhi? Karani. Nani anapokea pamba ghalani? Mtunza ghala. Nani anakesha usiku? Mlinzi. Nani anabeba mizigo na kuipandisha kwenye lori? Vibarua. Na hawa wote wanalipwa na nani? Wanalipwa na chama. Na chama ni nani? Ni sisi.

Basi, ndugu zangu, sisi wakulima ni waajiri. Mzee aliyekaa pale na fimbo yake ni mwajiri. Mama aliyembeba mtoto ni mwajiri. Na mwajiri ana wajibu wake.

Lori lililoondoka tupu

Mnakumbuka jambo la msimu uliopita. Lori lilikuja kuchukua pamba, likakaa siku mbili, likaondoka tupu. Vibarua waliweka mizigo chini, wakaenda nyumbani. Watu wakasema, "Wanataka pesa zaidi." Lakini walipoulizwa, haikuwa pesa. Pesa zao walikuwa wamelipwa zote, kwa hesabu waliyokubaliana.

Kilichowaudhi ni mtungi wa maji. Walikwenda kunywa maji ofisini wakafukuzwa. Wakaambiwa, "Maji haya siyo ya watu wa mizigo." Sitamtaja aliyesema. Sikuja kumwaibisha mtu, na mambo hayo yamekwisha. Lakini tujiulize: neno moja lililotoka mdomoni lilitugharimu nini? Lori halikupakia kwa siku mbili. Pamba ilibaki ghalani. Wanachama walichelewa kulipwa, na shule ilikuwa inafunguliwa.

Kumbe mtu analipwa pesa yake yote, na bado anaweza kuiacha kazi. Kwa nini? Kwa sababu binadamu anafanya kazi kwa mikono yake, lakini anaifanya pia kwa moyo wake. Mikono unaweza kuikodi. Moyo haukodishwi. Moyo unakuja wenyewe, ukiona heshima.

Fahari siyo kiburi

Tusichanganye maneno mawili. Kiburi ni kumdharau mwenzako. Fahari ninayoisema hapa ni mtu kuitazama kazi yake na kusema, "Hii nimeifanya mimi, nayo ni nzuri."

Mtu asiye na fahari anafanya kazi akiangaliwa tu. Katibu akiwepo, mpimaji anapangusa mizani. Katibu akiondoka, vumbi linabaki. Mwenyekiti akipita, mlinzi yuko macho. Mwenyekiti akienda kulala, na mlinzi analala. Hivi, tutaweka mlinzi wa kumlinda mlinzi? Na huyo wa pili atalindwa na nani?

Tazameni kazi ya kutenganisha pamba. Kuna pamba safi na kuna pamba fifi. Anayeipanga asipojali, fifi inaingia katika safi, pamoja na majani na mchanga. Pamba hiyo ikifika kwenye kinu cha kuchambulia, uchafu wake unaonekana. Jina la chama linaharibika, na bei nzuri inatukimbia. Hasara hiyo haimpati yule aliyepanga vibaya peke yake. Inampata hata mama aliyechuma pamba yake kwa uangalifu, akaianika, akaileta safi kabisa. Kwa hiyo moyo wa mfanyakazi mmoja unagusa mfuko wa kila mmoja wetu.

Chama kilizaliwa kwenye mizani

Namna ya kwanza ya kumpa mtu fahari ni kumwambia kazi yake ina maana gani. Nianze na mpimaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba katika Usukuma walikuwa na kilio kimoja kikubwa. Waliuza pamba kwa wafanyabiashara, na waliona kwamba mizani inawapunja. Mkulima hakujua kusoma mizani. Aliambiwa uzito wa pamba yake, akapewa pesa, akaenda zake. Basi wakulima wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaoaminika, wahakikishe uzito. Kutokana na juhudi za namna hiyo vikakua vyama vya wakulima. Marehemu Paul Bomani alikuwa mbele katika kuviunganisha. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika.

Baadaye ushirika ulipata misukosuko. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Lakini tusisahau mwanzo wake. Ushirika wetu ulizaliwa kwenye mizani, kwa sababu watu walitaka mtu mwaminifu asimame pale.

Sasa wewe ndugu yangu mpimaji, ukijua hivyo, utaiona mizani ile kama chuma tu? Hapana! Umesimama mahali ambapo babu zetu walipadai kwa jasho. Ukisoma kilo kwa haki, unaendeleza kazi yao. Hiyo ni fahari.

Na kila kazi ina maana yake. Kijana anayebeba mizigo aambiwe pamba inakwenda wapi. Kwenye kinu, nyuzi zinatengwa na mbegu. Katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, nayo inakamuliwa mafuta ya kupikia. Mashudu yanakuwa chakula cha ng'ombe. Nyuzi zinakwenda kufumwa nguo, nyingine ng'ambo ya bahari. Chama kikiweza, kiwapeleke wafanyakazi siku moja wakakione kinu kwa macho yao. Mtu aliyeona mwisho wa safari hawezi kuutupa mzigo matopeni.

Heshima haina gharama

Namna ya pili ni heshima. Hii haihitaji bajeti wala mkutano mkuu.

Nchi yetu ililijua jambo hili zamani. Mwaka 1970 ulitolewa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili wafanyakazi washauriwe. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, nao ulikemea viongozi wenye madharau na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa walifunga kazi. Mara nyingi kilio chao hakikuwa mshahara peke yake. Walichoka na matusi na ubabe wa mameneja. Mnaona? Mtungi wetu wa maji una ndugu zake wa siku nyingi.

Heshima ni kumwita mtu kwa jina lake. Si "wewe kibarua", si "mtu wa mizigo". Heshima ni kumsalimu kabla ya kumwagiza. Heshima ni kumwuliza shauri. Mlinzi anajua mlango gani wa ghala umelegea. Vibarua wanajua njia gani inawachosha bure. Wakiulizwa, watasema. Wakisema, wasikilizwe. Wasipoulizwa kamwe, watanyamaza, na mlango utabaki umelegea mpaka mwizi aujue.

Na akikosea? Aambiwe faraghani, aelezwe kosa lake, afundishwe. Akifanya vema, asifiwe hadharani. Wahenga walisema: Chanda chema huvikwa pete. Hapa kwetu mara nyingi tunafanya kinyume. Kosa tunalitangaza gulioni, na wema tunaumeza kimya kimya. Kila mwaka siku ya Mei Mosi wafanyakazi bora wanapewa zawadi mbele ya watu. Kwa nini sisi tusifanye hivyo mwisho wa msimu? Zawadi siyo lazima iwe kubwa. Jembe zuri, kitenge, au cheti kilichoandikwa jina vizuri na kutiwa sahihi na Mwenyekiti. Ninyi mliopata vyeti vya kisomo mnajua karatasi ile mmeitundika wapi nyumbani!

Furaha si upuuzi

Sasa niseme juu ya furaha. Wapo wazee wanaoamini kwamba mtu akicheka kazini, anachezea kazi. Wazee wangu, naomba niwakumbushe mambo yenu wenyewe. Ni nani aliyetufundisha kulima kwa ngoma, kama siyo ninyi?

Bugobogobo mnaijua kuliko mimi. Watu wanashika majembe, ngoma inapigwa, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Mwimbaji anatania, watu wanaitikia. Jembe linarushwa juu na kudakwa. Jua linakuwa kali na hakuna anayelihesabu. Anayechelewa anavutwa na mdundo mpaka anawafikia wenzake. Shamba ambalo mtu mmoja angelilima kwa wiki nzima, kundi linalimaliza upesi, tena kwa shangwe.

Na baada ya mavuno, mashindano ya Bagika na Bagalu! Inasimuliwa kwamba makundi hayo mawili yalianza na wataalamu wawili wa dawa, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Mpaka leo watu wanashindana kucheza, umati unaamua kwa miguu yake, unakwenda kwenye ngoma inayovutia zaidi. Pale Bujora, karibu na Mwanza, sherehe ya Bulabo inafanyika kila mwaka karibu na mwezi wa Juni, na majembe ya bugobogobo yanachezwa. Huo ni utamaduni wa watu wanaojua kwamba kazi na furaha ni ndugu.

Hata viwandani walilijua hilo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Ilibadili majina mara kadhaa, na sasa inajulikana kama Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, nacho kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz, kuanzia mwaka 1970. Kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, kimetoa timu ya mpira ya Mtibwa Sugar, ambayo ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Fikirini mkata miwa aliyesikia redioni kwamba timu ya kiwanda chake ni bingwa wa nchi. Kesho yake alikwenda shambani na panga lake namna gani? Alitembea kifua mbele.

Sisi hatuhitaji gitaa za umeme. Tunaweza kuwa na wimbo wa kupakia lori. Tunaweza kuwa na mechi ya mpira kati ya wafanyakazi na wanachama vijana siku ya kufunga msimu. Tunaweza kunywa uji pamoja saa nne asubuhi, mwenyekiti na kibarua kwenye benchi moja.

Lakini furaha ina mipaka. Pombe isikaribie mizani. Utani usiwe wa kumwumbua mgonjwa, wala wa kumvunjia mama heshima yake. Na mtu asiyetaka kucheza asilazimishwe. Furaha ya amri si furaha.

Ngoma siyo mshahara

Ndugu zangu, hapa naomba mtege masikio, maana ndipo wengi wanapopotea.

Kiongozi mjanja anaweza kusikia mazungumzo haya akasema, "Kumbe! Basi mshahara tutauchelewesha, tutawapigia ngoma." Hapana. Hebu turudi kwenye bugobogobo. Kundi likimaliza kulima, mwenye shamba alifanya nini? Alitoa alichoahidi. Watu walikula, wakashiba, wakaondoka na heshima yao. Mwenye shamba aliyewadanganya, mwaka uliofuata alilima peke yake na mke wake. Ngoma ilipendeza kwa sababu haki ilikuwapo. Ngoma bila haki ni kelele.

Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya mfanyakazi siku hizi imeandikwa. Ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Akizidisha, kila saa ya ziada ilipwe kwa kiwango cha mara moja na nusu. Mfanyakazi aliyetimiza masharti ya likizo apumzike siku 28 kwa mwaka, kwa malipo. Mtoto aliye chini ya miaka 14 asiajiriwe. Kwa hiyo yule kijana mdogo asitoroshwe shule aje kubeba pamba, hata kama baba yake amekubali.

Kibarua wa siku naye aambiwe malipo yake kabla ya kuanza kazi, siyo jioni. Aandikwe katika daftari, asome mwenyewe, atie sahihi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Halafu aambiwe, "Karibu darasani kwa mwalimu."

Na usalama tusiusahau. Vumbi la pamba linaumiza kifua. Anayefanya kazi ghalani apewe kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Mzigo mzito ubebwe na watu wawili. Moto wa sigara usikaribie ghala. Mtu hawezi kuionea fahari kazi inayomkohoza damu.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza haki, pili heshima, tatu furaha. Ukianza na ya tatu ukaacha ya kwanza, umejenga paa kabla ya ukuta.

Neno kwa wafanyakazi

Na ninyi ndugu wafanyakazi, msifikiri nimekuja kuwapigia debe tu. Haki ina pacha wake, jina lake wajibu. Mpimaji, mama mjane akileta mzigo mdogo, umpimie kwa uangalifu ule ule unaompimia mwenye ng'ombe mia. Karani, namba zako zisomeke. Mlinzi, ukiona hatari, piga kelele kabla ya kukimbia. Mwenye kazi mpya afundishwe na mwenye uzoefu, bila kumcheka. Heshima mtapewa na chama, lakini fahari itatoka katika kazi iliyofanywa vizuri. Hakuna mwenyekiti anayeweza kumpa mtu fahari ya kazi aliyoiharibu.

Tufanye nini msimu huu?

Maneno bila vitendo ni moshi. Napendekeza mambo matano, nanyi mtayaamua.

1. Kila mfanyakazi na kibarua aelezwe kazi yake, malipo yake na saa zake kabla ya siku ya kwanza.

2. Mtungi wa maji utolewe ofisini, uwekwe mahali pa wazi, uwe wa watu wote. Kikombe kiwe na mkono, na maji yachemshwe.

3. Tuweke ubao mbele ya ghala. Kila jioni karani aandike: leo tumepokea kilo ngapi za pamba safi, kilo ngapi za fifi. Chini yake aandike jina la mtu aliyefanya vizuri siku hiyo, na alichofanya. Zamani ubao kama huo usingekuwa na maana, kwa sababu wengi tusingeusoma. Leo tunaweza.

4. Kila wiki wafanyakazi na kamati wakutane kwa nusu saa. Wafanyakazi waanze kusema, kamati isikilize. Yatakayokubaliwa yaandikwe, na wiki ijayo tuulizane kama yametekelezwa.

5. Mwisho wa msimu, baada ya kila mtu kulipwa haki yake yote, tuwe na siku ya chama. Zawadi zitolewe, ngoma ichezwe, na wake na waume wa wafanyakazi wakaribishwe waone jinsi ndugu yao anavyothaminiwa. Mcheza kwao hutunzwa.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, lori litakuja tena mwezi wa Mei. Halijui habari za mwaka jana. Litasimama pale pale, mlango wazi, likingoja mabega ya vijana wetu. Vijana hao wakija na moyo, litajaa kabla ya jua kuwa kali. Wakija na mikono tu, tutakaa tunalitazama. Uamuzi huo hauko mjini. Uko kwetu, nao unaanza na mtungi wa maji.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kijijini kwenu ni watu gani wanaolipwa na wananchi? Taja kazi zao.

2. Je, kuna tofauti gani kati ya fahari na kiburi? Toa mfano.

3. Kwa nini vibarua waliacha kupakia lori ingawa walikuwa wamelipwa?

4. Ni nyimbo au ngoma gani za kazi mnazozijua? Nani anaweza kuwafundisha vijana?

5. Andika sentensi tatu za kumshukuru mtu mmoja anayefanya kazi vizuri kijijini. Msomee mwenyewe.